KUGAWA NAFASI KATIKA KOMPYUTA YA BIASHARA

Likizo iliyopita nalikuwa Kasingirima kwa baba mdogo, ambaye huuza dagaa kwa jumla. Dukani ana kompyuta moja aiitayo seva, kwa sababu ndiyo inayozihudumia kompyuta mbili za makarani. Mambo yote yaliwekwa katika diski yake moja: mauzo, madeni ya wateja, na picha za kamera nne za ulinzi. Jumamosi moja karani aliandika mauzo tangu asubuhi hata magharibi, na alipotaka kufunga hesabu hakuona hata gunia moja. Picha za kamera zilikuwa zimeijaza diski, na programu ya hesabu ikakosa mahali pa kuandika. Fundi alipokuja nalimsumbua kwa maswali, nami nikasoma zaidi niliporudi shuleni.

Dawa ya kwanza ni kuigawa diski vyumba, navyo mafundi huviita patisheni. Chumba kikijaa, hujaa peke yake. Lakini yapasa kupima kabla ya kugawa. Kamera moja ya baba mdogo hula gigabaiti 20 kwa siku. Kamera nne, basi, hula 80. Hesabu zake za miaka mitatu hazikufika hata gigabaiti 2! Diski ilikuwa ya gigabaiti 1,000. Fundi alitenga 100 kwa programu zinazoiendesha kompyuta, 100 kwa hesabu, na 800 kwa kamera, yaani picha za siku kumi. Siku ya kumi na moja picha za zamani hufutwa. Baba mdogo alinung'unika kwamba hesabu zimepewa shamba kubwa mno, lakini hesabu ndiyo mali yenyewe.

Ubaya wa ukuta ni kwamba ukiisha kuujenga, kuusogeza ni taabu. Kwa hiyo makampuni makubwa hutumia njia nyingine. Diski nyingi hukusanywa ziwe kama ghala moja, na programu maalumu hugawa nafasi humo. Kila mwenye kupewa fungu huliona kama diski kamili iliyo yake peke yake, na fungu laweza kuongezwa bila kufungua kompyuta. Hata kompyuta yenyewe hugawanywa hivyo, ikawa mashine kadhaa zisizoshikika, ziitwazo mashine pepe. Jambo hili si geni. Kampuni ya IBM ya Marekani ililifanyia majaribio katika miaka ya 1960, na mwaka 1972 ikaanza kuliuza kwa jina la VM/370. Mwaka 1999 kampuni ya VMware ililileta katika kompyuta za kawaida. Kwetu Tanzania, Kituo cha Taifa cha Data kilichoko Kijitonyama, Dar es Salaam, hukodisha nafasi na mashine za namna hii, hata si lazima kila ofisi inunue seva yake.

Hapa pana mtego, nao ndio ulionishangaza zaidi. Ghala la namna hii laweza kuahidi zaidi ya lilicho nacho. Tuseme lina gigabaiti 1,000, na ofisi tatu zimeahidiwa 500 kila moja. Maadamu kila ofisi inatumia 200, wote wamestarehe. Siku kila moja itakapotaka 400, zitatakiwa 1,200 ambazo hazipo, na ofisi zote tatu zitasimama pamoja, ijapokuwa kila moja inaona bado imebakiwa na nafasi. Mwenye kuahidi hivyo hana budi kulipima ghala mara kwa mara na kununua diski mapema.

Tena vyumba havizuii kifo cha diski. Ikifa, vyumba vyote hufa nayo. Ndiyo sababu diski mbili za 1,000 huwekwa ziandike mambo yale yale. Utapata nafasi ya 1,000, si 2,000, lakini moja ikifa nyingine huendelea. Hata hivyo karani akifuta deni kwa makosa, hufutika kote kuwili mara moja. Kwa hiyo yatakiwa nakala ya tatu, ikae mbali na duka.

Baba mdogo amenunua diski mbili: moja imo ndani ya seva, na nyingine huenda nayo nyumbani kila Ijumaa. Mauzo ya Jumamosi ile tuliyatafuta kwa kuwauliza wateja mmoja mmoja. Wengi walikumbuka madeni yao wenyewe, lakini magunia saba hayajapata mwenyewe hata leo.