Karani Alikuwapo Mezani

Serikali nyingi duniani zatangaza kwamba zitaitawala akili bandia kwa sheria. Wananchi wao wasikiapo maneno hayo, wengi hutikisa kichwa. Sisi hatuwalaumu. Na tuyatazame yaliyotokea Uholanzi.

Huko, wazazi wafanyao kazi husaidiwa na serikali kulipia malezi ya watoto wao. Tangu mwaka 2013 ofisi ya kodi iliitumia mashine ijifunzayo yenyewe, ikisie ni nani aelekeaye kudanganya. Mojawapo ya alama za kumshuku mtu ilikuwa ni kutokuwa raia wa Uholanzi! Mashine ikishamtia mtu shakani, karani hakuambiwa sababu, wala mzazi hakuambiwa. Kosa dogo, hata sahihi moja iliyosahauliwa, lilitosha kumfanya mtu adaiwe fedha zote alizokwisha kupewa, maelfu na maelfu ya yuro. Wazazi zaidi ya 25,000 walidhulumiwa. Wako waliopoteza nyumba, na wako ambao ndoa zao zilivunjika kwa dhiki ya madeni.

Desemba 2020 kamati ya Bunge ilisema wazi kwamba dhuluma hiyo haina kifani, na tarehe 15 Januari 2021 serikali nzima ya Bwana Mark Rutte ikajiuzulu. (Baada ya uchaguzi wa Machi, Bwana Rutte alirudi katika kiti kile kile. Hilo twawaachia Waholanzi wenyewe.)

Basi wapo wasemao: serikali iliyoshindwa na mashine yake yenyewe, itaziwezaje mashine za matajiri? Swali ni la haki. Lakini jibu walitakalo, yaani serikali ikae kando, hatulikubali hata kidogo. Mashine haikumdai mzazi senti moja. Waliodai ni wakubwa walioshika sheria isiyo na huruma na kuziba masikio. Nao waliofichua ni wazazi, mwanasheria, waandishi wa habari na wabunge wachache. Na Desemba 2021 chombo cha dola hiyo hiyo, kilindacho habari za watu, kiliitoza ofisi ya kodi faini ya yuro 2,750,000.

Sheria ya Umoja wa Ulaya, iliyoanza kuwa na nguvu tarehe 1 Agosti 2024, yazihesabu mashine za kuamua nani astahili msaada wa serikali kuwa ni za hatari kubwa, na yataka zisimamiwe na binadamu. Vyema. Twauliza tu: binadamu huyo ataweza kuikatalia mashine, au kazi yake itakuwa kupiga muhuri? Maana karani wa Uholanzi alikuwapo mezani siku zote.