Oakland: Eneo la Bunge Linaloishi kwa Bandari

Sisi tunaoishi bara, tukisikia neno bandari tunafikiria Kilindini: meli, makontena, na malori yanayopanda barabara ya Mombasa usiku na mchana. Ni mara chache tunajiuliza ni akina nani wanaolala nyuma ya ukuta wa bandari, na nani huwasemea bungeni. Toleo hili tunawapeleka mbali kidogo, mpaka mji wa Oakland, jimbo la California, nchi ya Marekani. Huko kuna eneo la bunge ambalo bandari ndiyo imelitajirisha, na bandari hiyo hiyo ndiyo imewakohoza watu wake. Vikundi vyenye shughuli kando ya barabara kuu au karibu na kiwanda vitaona mengi ya kufahamika.

Kwanza tueleze kiti chenyewe. Baraza la Wawakilishi la Marekani lina viti 435, na kila mjumbe anachaguliwa kwa miaka 2 tu. Hawezi basi kupotea miaka mitano halafu arudi na unga na leso. Kila eneo lina watu kama 760,000. Kila baada ya miaka 10 watu wanahesabiwa na mipaka inachorwa upya, ndiyo maana eneo hili limebadilishwa nambari mara nyingi: lilikuwa la 8, likawa la 9, likawa la 13, na tangu 2023 ni la 12. Nambari isiwatatize. Moyo wake umebaki Oakland na jirani yake Berkeley.

Mji huu uliletwa na reli kwanza. Mwaka 1869 reli iliyokata Marekani kutoka mashariki hadi bahari ya Pasifiki ilifika Oakland, na ikaja na watu weusi waliokuwa wahudumu wa mabehewa ya kulala. Kazi ilikuwa ya kuinama mbele ya abiria, lakini wahudumu hao walijenga chama cha wafanyakazi chenye nguvu, na upande wa West Oakland, karibu kabisa na bandari, ukawa makao yao. Vita vya pili vya dunia vilipokuja, viwanda vya kuunda meli vilihitaji mikono. Familia nyingi nyeusi zilihama Louisiana, Texas na Arkansas kuja kutafuta mshahara. Wachina walikuwa na mtaa wao zamani, na watu wenye asili ya Meksiko wakajaa upande wa Fruitvale. Baadaye wakaja Wavietnamu, Wakambodia, hata Waeritrea na Waethiopia.

Halafu mwaka 1962 makontena yakaanza. San Francisco, ng'ambo ya maji, ilikuwa bandari kubwa na ya zamani, lakini ilikosa uwanja mpana wa kupanga makontena. Oakland ilikuwa na nafasi pamoja na reli, ikachukua mzigo. Lakini kontena halihitaji watu wengi wa kubeba magunia. Kazi za mikono zikapungua huku malori yakiongezeka, na malori yenyewe yalipita mlangoni mwa watu wa West Oakland.

Mtaa huo ulikuwa umeshapasuliwa katikati. Mwaka 1957 serikali ilifungua barabara ya juu ya ghorofa mbili, iliyoitwa Cypress, iliyokata mtaa vipande viwili. Tarehe 17 Oktoba 1989 tetemeko la ardhi liliangusha ghorofa ya juu juu ya ile ya chini, na watu 42 wakafa hapo. Wakubwa walipotaka kuijenga upya pale pale, wakaaji walikataa kabisa. Walibishana kwa miaka, mwishowe barabara ikazungushwa nje ya mtaa, karibu na reli na bandari, ikafunguliwa 1997. Palipokuwa na zege leo pana barabara ya chini yenye miti katikati, nayo inaitwa Mandela Parkway.

Malori je? Hapa ndipo tunataka mkae kidogo. Wakaaji walikuwa wakilalamika kwamba watoto wao wana pumu, wakaambiwa walete ushahidi. Basi wakauleta. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 walisimama kwenye kona za barabara na karatasi mkononi, wakihesabu malori, yamepita wapi, yamesimama wapi huku injini inanguruma. Hawakungoja mtaalamu ateremke kutoka mjini. Mwaka 2008 idara ya hewa ya jimbo nayo ilitoa hesabu yake: hatari ya kansa kutokana na moshi wa dizeli West Oakland ilikuwa karibu mara 3 ya wastani wa eneo lote la ghuba. Mama mmoja katika wakaaji hao, Margaret Gordon, alikuwa ameteuliwa mwaka 2007 kuwa kamishna wa bandari. Fikirieni hilo: mlalamishi amepewa kiti mezani.

Tangu Januari 2010 malori makuukuu yalipigwa marufuku bandarini. Watafiti waliopima moshi walikuta masizi ya malori yamepungua karibu nusu kwa muda mfupi. Lakini tuseme ukweli wote. Mzigo wa gharama ulianguka kwa madereva, wengi wao wahamiaji wenye lori moja moja, waliolazimika kukopa wanunue jipya au wafunge biashara. Msaada wa serikali haukuwafikia wote. Kwa maoni yetu hilo lingetazamwa kabla ya sheria kuanza, si baada ya watu kuandamana.

Mambo ya kujisaidia si mageni huko. Mwezi wa Januari 1969 chama cha Black Panther, kilichoanzishwa Oakland 1966, kilianza kuwapa watoto chakula cha asubuhi bure kabla ya shule. Jiko la kwanza lilikuwa katika kanisa la St. Augustine, la Kianglikana. Chama chenyewe kilikuwa na bunduki na ugomvi mwingi na polisi, hatufichi hilo, lakini akina mama waliopika uji hawakuwa na vita na mtu.

Watu wa namna hii huchagua wajumbe wa namna yao. Ron Dellums, mpwa wa kiongozi wa chama cha wale wahudumu wa reli, aliingia Kongresi 1971. Alipigania vikwazo dhidi ya makaburu wa Afrika Kusini kwa karibu miaka 15, mpaka 1986 Kongresi ilipopitisha sheria juu ya kichwa cha Rais Reagan, aliyeikataa. Sheria hiyo ilikuwa laini kuliko alivyotaka Dellums. Nelson Mandela alipofunguliwa, alifika Oakland tarehe 30 Juni 1990, akawashukuru wafanyakazi wa bandari wa ghuba hiyo, ambao mwaka 1984 walikataa kwa siku 11 kushusha shehena ya Afrika Kusini.

Barbara Lee alimrithi 1998. Tarehe 14 Septemba 2001, kura ya kumpa Rais ruhusa ya vita ilikuwa 420 kwa 1, na huyo mmoja alikuwa yeye. Alitishiwa kuuawa, lakini mwaka uliofuata wapiga kura wake walimrudisha kwa zaidi ya asilimia 80. Kwetu Kenya anatuhusu kwa jambo jingine: alikuwa kati ya walioandika sheria ya 2003 iliyoleta fedha za Marekani za kupambana na Ukimwi, na Kenya ilikuwa kati ya nchi za kwanza kufaidika. Vidonge vya ARV vilivyoinua watu wengi vitandani vina historia inayopitia bandari hiyo.

Mwaka 2025 Lee akawa meya wa Oakland, na kiti cha Kongresi kikaenda kwa Lateefah Simon. Mama huyo amekuta mji mwingine. Mwaka 1980 weusi walikuwa karibu asilimia 47 ya Oakland. Katika hesabu ya 2020, kati ya watu 440,646, walibaki kama mmoja kati ya watano. Hakuna kabila wala rangi inayofika nusu. Hewa imesafishwa kiasi, barabara ya zege imeondoka, miti imepandwa, na kodi ya nyumba imepanda vilevile. Wengi katika familia zilizovuta ule moshi wamehamia miji ya mbali, ambako kura zao zinahesabiwa katika eneo la mjumbe mwingine.