Majina ya Blokcheni: Ya Kwanza, Ghali Kupita Yote, na Yasiyofunguka

Rekodi ya kutangulia ni ya Namecoin. Ilizaliwa Aprili 2011, ikimegwa kutoka Bitcoin, ili igawe majina ya .bit ambayo serikali wala kampuni isingeweza kumnyang'anya aliyeyasajili. Kanuni ilikuwa moja: aliyewahi ndiye mwenyewe. Basi watu wakawahi. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Princeton walipekua majina yapatayo 120,000 yaliyokwisha kusajiliwa. Yaliyokuwa na kazi ya maana na yasiyokuwa mikononi mwa walanguzi yalikuwa 28. Kwangu hiyo ndiyo rekodi kuu ya biashara hii nzima, na zote zinazofuata zisomwe kando yake.

Mnada mkubwa wa mwanzo ulikuwa wa ENS, huduma ya majina ya .eth. Anwani ya pochi ya Ethereum ina herufi na tarakimu 42, na sijakutana na mtu aliyeikariri yake. Jina la .eth linasimama mahali pa anwani hiyo, na linaweza kubeba pia picha, tovuti na akaunti zako za mitandaoni. Ndiyo maana watu wakaanza kuliita utambulisho. ENS ilifunguliwa Mei 4, 2017, baada ya jaribio la Machi kusitishwa kwa kasoro za kiufundi. Kila mnunuzi alificha dau lake, na mshindi akalipa kiasi cha dau la aliyemfuatia. exchange.eth ilichukuliwa kwa etha (sarafu ya Ethereum) 6,660, zaidi ya dola 600,000 za wakati ule. Hata hivyo fedha hizo hazikuliwa na mtu. Zilikuwa amana iliyofungiwa ndani ya mkataba, na mwaka 2019 utaratibu ulipobadilika kuwa wa ada ya kila mwaka, wenye majina waliruhusiwa kuichukua amana yao na jina likabaki lao. Etha ilikuwa imeshapanda bei. Ni nadra mtu kulazimishwa kuweka akiba kwa faida namna hiyo.

Ada mpya ndiyo inayomhusu msomaji wa kawaida: dola 5 kwa mwaka kwa jina la herufi tano au zaidi, 160 kwa herufi nne, 640 kwa tatu, mbali na gharama ya muamala wenyewe. Kwa mizani hiyo Mwanaidi analipa dola 5, Juma 160, na Ali 640. Wazazi wetu wangejua!

Katika mauzo ya mkono kwa mkono, paradigm.eth ilifika etha 420 Oktoba 2021, kama dola milioni 1.5. Miezi michache kabla ya hapo Budweiser walinunua beer.eth kwa etha 30. Julai 2022, katika homa ya majina ya tarakimu, 000.eth ikaenda kwa etha 300.

Lililonishangaza zaidi ni dau lisilojibiwa. Mwezi huohuo mtu aliweka dola milioni moja kwa ajili ya amazon.eth, muda ukapita, mwenye jina akanyamaza. Kwenye vikoa vya kawaida kama .com, mwenye chapa ana pa kulalamika: utaratibu wa usuluhishi upo tangu 1999, na mlanguzi anaweza kupokonywa jina. Kwenye .eth hakuna baraza la kumpokonya mtu jina. Uhuru huo ndio unaotangazwa kama sifa, na ndio huohuo unaomnenepesha mlanguzi.

Bei ya juu kuliko zote haijawahi kulipwa, nayo ni dola milioni 100. Jina la .eth likiisha muda, mwenyewe ana siku 90 za kulikomboa. Zikipita, linarudi sokoni na nyongeza inayoanzia milioni 100 na kushuka kwa nusu kila siku hadi inapotoweka baada ya siku 21. Mbio za kuwahi zimegeuzwa hapo kuwa mashindano ya subira, na naona ni ubunifu bora kuliko mnada wa 2017.

Kejeli kubwa ni ya eth.link, kikoa cha kawaida kilichoviwezesha vivinjari vya kila siku kufungua majina ya .eth. Mwaka 2022 muda wake uliisha huku mwenyewe, Virgil Griffith, akiwa gerezani Marekani, na kampuni ya Manifold Finance ikakinunua kwa dola 852,000. Kilirudi kwa amri ya mahakama, chombo kilekile ambacho blokcheni ilikuja kukikwepa.

Kwa kuwahi na bado kuchelewa, mshindi ni .coin. Kampuni ya Unstoppable Domains iliwauzia watu majina hayo kama mali ya kudumu, bila ada ya kila mwaka. Oktoba 2022 ikayasitisha, kwa kuwa blokcheni ya Emercoin ilikuwa na .coin yake tangu 2014, na jina moja lingeweza kupeleka fedha za mtumaji kwa watu wawili tofauti. Wateja walifidiwa kwa salio la kununulia majina mengine. Yale ya .coin yamebaki kwenye pochi zao, kwa sababu kampuni haina uwezo wa kuyafuta. Ila kwenye huduma zake hayafunguki.