Doa la Oili Chini ya Gari la Zamani

Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Wenye magari ya Volkswagen Beetle, ambayo yalikoma kutengenezwa huko Mexico mwaka 2003, hawana budi kuukumbuka usemi huo kila waonapo doa la oili sakafuni.

Kwanza ijulikane ni oili gani. Ya injini huwa nyeusi. Ya giaboksi ni nzito na hunuka kiberiti. Safisha chini ya gari kwa mafuta ya taa, tandika boksi usiku, na asubuhi utazame tone limeangukia wapi.

Magari yenye ekseli za kubembea aghalabu huvuja kwenye mipira miwili iliyo ubavuni mwa giaboksi. Mpira uliopasuka hukatwa, ukavishwa mwingine wenye mshono, bila kushusha ekseli. Ukazwe gari likiwa limesimama juu ya magurudumu yake, na mshono ulale ubavuni, usielekee chini. Kisha ongeza oili ya gia namba 90 mpaka ifike ukingoni mwa tundu la kujazia.

Lakini oili ikitokea ndani ya gurudumu la nyuma, hatari ni kubwa zaidi. Sili imekwisha, na viatu vya breki vinalowa. Gari hilo lisitoke nyumbani. Sili ibadilishwe, na viatu vilivyolowa vitupwe, visipanguswe na kurudishwa. Sili ina bei. Watoto wanaoketi kiti cha nyuma hawana.