Kazini kwa Miguu Bujumbura: Zamu ya Mwajiri

Kabla jua halijapanda juu ya vilima vya Mumirwa, barabara zinazoingia Bujumbura kutoka Kamenge, Kinama na Kanyosha huwa zimeshajaa watembea kwa miguu. Wamo walimu, makarani, wauguzi, walinzi wanaotoka zamu, na mafundi wanaoelekea Buyenzi, mtaa mkongwe wa Waswahili wenye gereji kila kona. Wengi wao hawakutoka nyumbani kwa nia ya kufanya mazoezi. Wamekosa basi.

Sababu inajulikana mjini kote. Burundi haina bahari. Mafuta yake husafiri kwa lori mwendo mrefu kutoka pwani ya Tanzania, tena hununuliwa kwa dola. Fedha za kigeni zilipoadimika, esansi, yaani petroli, nayo ikaadimika, na tangu 2022 upungufu umekuwa ukirudi tena na tena. Magari hupanga mistari mirefu vituoni, mengine hulala hapo hapo. Hiace za abiria hupungua barabarani, na jioni watu hujazana maegeshoni wakisubiri gari ambalo huenda lisije. Anayechoka kusubiri hushika njia.

Kwa hiyo mtu anayetaka kuhimiza wafanyakazi wa Bujumbura waende kazini kwa miguu au kwa baiskeli hana budi kuchunga maneno yake. Karani aliyekanyaga kilomita 6 asubuhi kwa sababu hana njia nyingine, akifika ofisini na kuambiwa kwamba kutembea ni afya, ana haki ya kukasirika. Wakazi wa Kampala, Uganda, wanaujua uchungu huo. Aprili 2011 Kizza Besigye na wenzake wa upinzani walianzisha matembezi ya kwenda kazini kulalamikia bei za mafuta na chakula, na polisi wakawakamata. Mguu ulikuwa umegeuka sauti ya malalamiko.

Mfanyakazi wa Bujumbura anatembea tayari. Kinachofaa kuulizwa ni kitu gani mwajiri wake anafanya ili mwendo huo usimmalize, na ili siku esansi ikipatikana asiuache mara moja kama adhabu iliyokwisha.

Kwa umbile lake, mji wenyewe unaruhusu. Sehemu kubwa ya Bujumbura imetandazwa kwenye tambarare ya Imbo, kando ya Ziwa Tanganyika, kama mita 775 juu ya usawa wa bahari. Ukiacha Kiriri, Mutanga na Gihosha zinazopanda mlimani upande wa mashariki, mitaa mingi haina mwinuko wa kumtisha mwendesha baiskeli. Kutoka Bwiza au Nyakabiga mtu hufika katikati ya mji kabla hajatoka jasho. Kamenge ni mbali kidogo: kilomita kama 5, yaani saa nzima ya kutembea, lakini kwa baiskeli dakika 20 au 25 zinatosha. Mchana joto hukaribia nyuzi 30, ila asubuhi kuna ubaridi. Kikwazo ni mvua, ambayo huanza kama Oktoba na kuendelea hadi Mei, ikiacha njia za udongo zimegeuka matope.

Faida kwa mwili ni kubwa. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Anayetembea nusu saa kwenda na nusu saa kurudi, siku 5 kwa wiki, anapata 300 bila kulipia ukumbi wa mazoezi. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Glasgow walichapisha matokeo ya kuwafuatilia watu zaidi ya 260,000 nchini Uingereza kwa takriban miaka 5. Waliokwenda kazini kwa baiskeli walikuwa na hatari ya kufa pungufu kwa asilimia 41, wakilinganishwa na waliokwenda kwa gari au usafiri wa umma. Waliotembea nao walipungukiwa na hatari ya magonjwa ya moyo. Utafiti wa namna hiyo hauwezi kuthibitisha kwamba baiskeli peke yake ndiyo iliyoleta tofauti, na hali za maisha hazilingani. Anayetembea Bujumbura akiwa hajala asubuhi, kwenye ukingo wa barabara usio na njia ya miguu, magari yakimpita ubavuni, hawezi kuahidiwa afya ile ile.

Baiskeli nayo si ngeni kwa Warundi. Barabara ya Taifa namba 1 hushuka kutoka Bugarama, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, hadi ziwani. Kwa miaka mingi vijana wameiteremka kwa kasi ya kutisha, mikungu ya ndizi imefungwa mbele na nyuma ya baiskeli zao. Kupanda kurudi, hushikilia nyuma ya malori ili wavutwe, na wengi wamepoteza maisha kwa njia hiyo. Kwenye mitaa ya mji, taksi-velo, yaani teksi za baiskeli, zimebeba abiria wasioweza nauli ya gari. Ni chombo cha riziki kilichozoeleka mikononi mwa maskini, na pengine ndiyo maana afisa mwenye tai huona haya kukipanda.

Kisha ikaja Machi 2022. Kwa hoja ya usalama, serikali ilipiga marufuku baiskeli, pikipiki na bajaji katikati ya Bujumbura. Ajali zilikuwepo kweli, na aliyempoteza ndugu barabarani hatakubali zipuuzwe. Lakini kuiweka baiskeli kundi moja na pikipiki ni kosa. Baiskeli ndiyo chombo chepesi na cha polepole kuliko vyote barabarani, na ndicho pekee kisichohitaji tone la esansi, tena katika nchi iliyokuwa ikiingia kwenye uhaba wa esansi. Haki yake ni kutengewa njia.

Majirani wameonyesha kwamba inawezekana. Tangu 2016 Kigali, mji wa vilima vikali kuliko Bujumbura, hufunga baadhi ya barabara zake kwa magari Jumapili zilizopangwa, watu wakatembea, wakakimbia na kuendesha baiskeli. Dar es Salaam ilipofungua mabasi yake ya mwendokasi mwaka huo huo, kando ya barabara hizo ziliwekwa njia za watembea kwa miguu na za baiskeli.

Mfano unaomhusu mwajiri moja kwa moja unatoka Ubelgiji, nchi iliyoitawala Burundi hadi tarehe 1 Julai 1962. Januari 2023 vyama vya wafanyakazi na vya waajiri huko vilitia saini makubaliano yaliyoanza kutumika tarehe 1 Mei mwaka huo: mfanyakazi wa sekta binafsi anayekwenda kazini mara kwa mara kwa baiskeli, kama hana mpango mwingine wa kulipwa, alipwe na mwajiri senti 27 za euro kwa kila kilomita, hadi kilomita 40 kwa siku. Bujumbura haina fedha za Brussels. Hata hivyo wazo lenyewe linahamishika: anayefika kwa nguvu zake ameigharamia safari yake kwa jasho na muda, na jasho hilo lina thamani.

Hatua ya kwanza basi haihitaji hata faranga moja mpya. Mwajiri anayetoa posho ya usafiri asimkate anayetembea kwa kisingizio kwamba hakupanda gari. Mtu huyo anachakaza viatu na anahitaji kula zaidi. Bafu lenye maji na mahali pa kubadilishia nguo hubadilisha siku nzima ya mtu aliyefika ametota. Baiskeli inahitaji banda lenye paa na mlinzi, kwa sababu ikiibiwa mara moja ofisi nzima itarudi kwenye mstari wa basi. Kampuni yenye uwezo inaweza kumkopesha mfanyakazi baiskeli na kukata kidogo kidogo kwenye mshahara.

Saa za kazi nazo zifikiriwe upya. Ofisi nyingi za Bujumbura zimezoea kufunga mchana kwa saa mbili, desturi iliyomfaa mtu mwenye gari na chakula kinachomngoja nyumbani. Anayetembea kutoka Kinama hawezi kurudi kula. Hubaki mjini akizunguka na njaa, kisha jioni hutoka giza likikaribia. Mapumziko yakifupishwa na kazi ikaisha mapema, atatembea kungali na mwanga. Kwa wanawake hilo ni jambo la usalama kabla ya kuwa jambo la raha.

Mwajiri wa Bujumbura anaweza kuanza wiki hii kwa kuwauliza wafanyakazi wake wanaishi mtaa gani, wanafikaje na wanatoka nyumbani saa ngapi. Baada ya kuwasikiliza, awape maji ya kuoga, banda la baiskeli na saa nzuri ya kuondoka, ndipo azungumze nao habari za mazoezi.