Mushenye, dawa ya baridi ya Julai
Mvua ya Julai ikinyesha Tongaren, mahindi huwa bado mabichi shambani na ghala nyingi zimebaki vumbi. Lakini maharagwe yaliyopandwa katikati ya mahindi huwa yameshavunwa. Huo ndio wakati wa mushenye.

Chemsha maharagwe hadi yakaribie kuiva. Weka viazi vitamu vilivyomenywa juu yake, maji yasizidi, kisha ufunike. Vikilainika, tia chumvi uponde kwa mwiko hadi vishikane. Mushenye wa majimaji si mushenye! Huliwa ungali moto, kwa chai au maziwa lala.

Waholanzi nao, baridi ikiwakaba, huponda viazi pamoja na mboga ya jamii ya sukuma wiki, wakaiita stamppot. Mjini Leiden, kila Oktoba 3, huponda viazi, karoti na vitunguu kukumbuka mwaka wa 1574, walipookoka njaa baada ya kuzingirwa na Wahispania. Wenzetu hawakionei haya chakula chao. Kwetu, mgeni akibisha hodi, sufuria ya mushenye hufichwa na mtoto akatumwa dukani kununua mchele wa deni.

Tena viazi vitamu havidai ghala. Hukaa udongoni, mama akachimba vya siku hiyo tu.