Madoa ya Jua na Ukame wa Same

Mvua za vuli zinapochelewa Same, si ajabu kusikia lawama zikitupiwa jua. Na kwa kuwa habari za madoa na milipuko ya jua zimeenea, tumeonelea leo tulipime jambo hili kwa mizani ya elimu.

Madoa ya jua ni sehemu zenye nguvu kubwa ya sumaku, ambazo joto lake limepungua kuliko la pembezoni mwake; ndiyo maana huonekana nyeusi. Idadi yake hupanda na kushuka kwa wastani wa kila miaka 11. Wataalamu wa Marekani huyapa makundi ya madoa namba na kuyafuatilia kila siku. Tarehe 3 Oktoba 2024, kundi namba 3842 lilitoa mlipuko wa daraja la X9, uliofikia kilele saa 9:18 alasiri kwa saa zetu. Mlipuko wa namna hiyo huvuruga redio za masafa mafupi upande wa dunia wenye mchana. Hauzuii mvua.

Wataalamu nao walipata kuteleza. Mwaka 1923, C.E.P. Brooks alionyesha kuwa maji ya Ziwa Victoria yalipanda na kushuka sambamba na madoa. Miaka michache baadaye ulinganifu huo ulivunjika.

Ama ukame wa Same, sababu yake i karibu zaidi. Mji huo uko magharibi ya Milima ya Upare. Upepo wa Bahari ya Hindi hupanda milima hiyo, hudondosha mvua huko juu, kisha huteremkia Same ukiwa mkavu. Lau madoa yangekuwa sababu, msitu wa Chome penye kilele cha Shengena nao ungekauka, kwani jua ni lile lile.

Aidha, tukumbuke kwamba jua lilipopatwa siku aliyofariki Ibrahim, mwana wa Mtume (s.a.w.), watu waliyaunganisha mawili hayo, naye akawakataza.

Basi tusilibebeshe jua mzigo wetu. Wazee wa Upare walichimba ndiva, wakakinga maji ya vijito usiku ili wamwagilie mashamba mchana. Kuzibua ndiva zilizojaa tope na kuacha kukata msitu wa milimani kumo ndani ya uwezo wetu. Wala mtu asiyatafute madoa hayo kwa macho matupu. Jua huunguza jicho pasipo maumivu, na aliyeunguzwa hugundua amechelewa.